Lebo za kroasanti za chokoleti Dar ni uongo mtupu, na hesabu yake inaumbuka kwa kikokotoo cha simu

Wakuu, tumevumilia vya kutosha. Kroasanti za chokoleti za kwenye nailoni zimejaa kila kona, kuanzia supamaketi za Masaki hadi vibanda vya Mbagala. Wazazi wanazitia kwenye mabegi ya shule wakiamini wamesoma lebo. Lebo yenyewe haijui kujumlisha!

Chukua lebo ya aina hii, kwa gramu 100: wanga 48, mafuta 22, protini 7, nishati kilokalori 220. Gramu moja ya wanga ina kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kwa hiyo wanga ni 192, protini 28, mafuta 198. Jumla 418. Sasa hiyo 220 imetoka wapi? Jumlisha 192 na 28 uone. Mafuta yameachwa nje kabisa, yaani kile kitu chenye nishati kubwa kuliko vyote ndani ya kroasanti ndicho kilichosahauliwa. Mtu wa kiwanda kaandika 22 kwenye mstari wa mafuta, kisha mstari wa nishati kafanya kama hayapo.

Halafu inakuja janja ya kipimo. Pakiti ni gramu 80, kitu kimoja, kinaliwa mara moja. Lebo inasema "kipimo cha mlo: gramu 40". Nani anakula nusu kroasanti na kufunga nusu nyingine? Kwa lebo hiyo mzazi anasoma kilokalori 88, mtoto anakula 334. Hiyo si tofauti ya kukadiria, ni karibu mara nne.

Wengine wanachanganya kilojuli na kilokalori. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, hivyo 418 lazima isimame karibu na kilojuli 1,750. Ukikuta "kJ 418" ujue namba ni ya kilokalori na kipimo kimebandikwa tu. Ukikuta namba mbili na kubwa haifiki mara nne ya ndogo, lebo nzima usiiamini.

Na neno "siagi" mbele ya pakiti linaniudhi kuliko yote. Siagi huanza kulegea mapema sana kwenye joto letu, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeyeyuka. Kukunja tabaka kwa siagi Dar, mchana wa nyuzi 31, bila chumba cha baridi, haiwezekani: inapenya kwenye kinyunga, tabaka zinagandana, unatoa mkate mzito unaovuja mafuta kwenye trei. Ndiyo maana bekari nyingi hutumia majarini ngumu ya kukunjia, inayoyeyuka kwenye joto la juu zaidi. Sina ugomvi na majarini. Nina ugomvi na anayeitumia halafu anaandika siagi. Ukila na ukabaki na utando kama nta juu ya kaakaa, hayo ni mafuta yasiyoyeyuka kwa joto la mdomo.

Kwenye viambato wanaandika "mafuta ya mimea" basi. Ya mmea gani? Ya mawese, karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba (saturated fat). Yakiwa yamegandishwa kwa haidrojeni kwa kiasi, kuna mafuta ya transi (trans fat), ambayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta yote. Maneno mawili tu yangemwambia mnunuzi, na hayapo.

Nawasilisha. Wenye ujuzi wa jikoni mje na vipimo.

#2
Mkuu umegonga penyewe, ila hata hiyo 418 ni ndogo. Vipimo vya kawaida vya bekari: unga kilo 1, maji gramu 500, sukari 100, chumvi 20, hamira kavu 14, majarini 50 ndani ya kinyunga na 500 ya kukunjia. Jumla gramu 2,184. Nishati: unga 3,600, majarini 3,960, sukari 400, yaani kilokalori 7,960. Kosa kubwa la bekari ni kugawanya kwa uzito mbichi, unapata 365 kwa gramu 100. Kroasanti hailiwi mbichi! Ovenini inapoteza maji, kama asilimia 12, zinabaki gramu 1,920. Gawanya upya: 415. Maji yameondoka, mafuta yapo palepale.

Bado hujaweka krimu ya chokoleti ya kujaza ndani. Krimu za ndoo kwa kawaida zina sukari nusu au zaidi, mafuta theluthi hivi, kilokalori kama 540 kwa gramu 100. Kipande cha gramu 80 chenye krimu 20: mkate 249, krimu 108, jumla 357. Mafuta gramu 20. Sukari 14, na hapo juu hujapaka sharubati ya kung'arisha.

Anayetaka kuhakiki apime kwa mizani ya jikoni: kata katikati, kwangua krimu yote, pima peke yake. Kama pakiti imeandika krimu asilimia 25 na unapata gramu 9 kati ya 80, umeibiwa.

#3
Niongeze kwenye neno "chokoleti". Kwa kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, chokoleti lazima iwe na angalau asilimia 35 ya kakao kavu, na ndani yake siagi ya kakao isipungue 18. Ile ya maziwa, kakao asilimia 25. Krimu ya sukari, mawese na unga kidogo wa kakao haifiki popote hapo. Waandike "krimu yenye kakao". Inauma zaidi ukikumbuka kakao nzuri inalimwa hapa hapa, Kyela.

Na sukari: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na 25 ni bora zaidi. Kroasanti hii 14, chai yenye vijiko vitatu vya chai kama 12. Saa mbili asubuhi umeshapita 25.

#4
Wadau, bekari ndogo haziwezi kulipia maabara kila mwezi. Muwe na huruma.

#5 (mwanzisha uzi)
Ndugu yangu, kuzidisha mafuta kwa 9 hakuhitaji maabara. Kosa la kipimo cha maabara ningelielewa, la kujumlisha hapana.

Kazi ya usalama wa chakula iko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, ilipotoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa), na makao yao ni pale Ubungo. Ukienda na maneno matupu utarudi na maneno matupu. Beba pakiti yenyewe, risiti, picha ya lebo pande zote, picha ya kroasanti ikiwa kwenye mizani, na hesabu yako kwenye karatasi moja. Tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo mara nyingi vimepigwa karibu na mshono wa juu, palepale tunapochania. Kwa hiyo fungua kwa mkasi upande wa chini.