Hadubini gani inafaa kuangalia kovu ndani kabisa ya pafu?

mdau_wa_seli: Wakuu habari, naomba mwongozo. Nafanya utafiti wa mapafu yaliyojaa kovu, sampuli ni za panya, na maabara tuna hadubini ya konfoko tu (ile ya leza inayopiga picha tabaka moja moja). Juu juu picha inatoka safi ila nikishuka ndani kidogo ni ukungu mtupu, nikiongeza leza ndo kwanza rangi inakufa. Halafu kijani kinang'aa kila mahali hata kwenye kipande ambacho sijakipaka kitu!! Kuna mtu kaniambia nitafute zile hadubini za Nobeli ya kemia ya 2014, ndo suluhisho au?

pafu_moja: Shida sio leza mkuu, shida ni hewa. Pafu ni povu, mwanga ukitoka kwenye tishu kuingia kwenye hewa unapinda, ukirudi kwenye tishu unapinda tena, mwisho unatawanyika wote. Toa hewa kwanza. Watu wanajaza pafu agarosi (jeli ya mwani) ile inayoyeyuka kwa joto la chini, ikiganda wanakata vipande vya mikromita 300 hivi, vifuko vya hewa vinabaki vimetanuka na seli zinaishi siku kadhaa, kwa hiyo hata dawa unaweza kujaribu humo humo. Kama huhitaji seli hai, toa mafuta ya tishu kisha iloweke kwenye kimiminika kinachopinda mwanga sawa na yenyewe, pafu zima la panya linakuwa angavu. Hapo tafuta hadubini inayomulika kwa bapa jembamba la mwanga kutoka ubavuni, kamera inachukua tabaka moja moja na rangi haiungui hovyo.

kolajeni_kwanza: Hicho kijani ni elastini na kolajeni, nyuzi za protini za tishu, zinang'aa zenyewe. Hamia rangi za wekundu wa mbali, na kile kipande kisichopakwa usikitupe, ndo cha kulinganishia. Ila kwa kovu mimi ningekimbilia hadubini ya fotoni mbili, ile ya leza ya wekundu usioonekana inayofika ndani zaidi. Nyuzi za kolajeni ukizipiga leza ya nanomita 900 zinarudisha 450, nusu kamili, bila rangi yoyote, na elastini inaonekana kwenye chaneli yake. Angalizo tu, inayojibu vizuri ni kolajeni ya aina ya 1, ile ya 4 ya kwenye utando ulio chini ya seli haionekani kwa njia hii, kwa hiyo usije ukaandika umepima kolajeni yote.

pafu_moja: ☝️ hiyo ya mwisho ni muhimu sana

nanomita: Hizo za Nobeli (Betzig, Hell na Moerner) zinavuka mpaka wa nanomita 200 hivi wa mwanga wa kawaida. Kovu la mamia ya mikromita unalitafutia nini huko jamani? Faida yake iko kwenye vijinywele vya njia ya hewa, kimoja kina unene wa kama nanomita 250, kwa hiyo protini zimepangwaje ndani yake konfoko haikuonyeshi. Na hata huko kwenye ugonjwa wa vijinywele kutopiga vizuri, watu huanza na kamera ya kasi, picha mamia kwa sekunde, kwa seli zilizopanguswa puani tu.

mdau_wa_seli: Asanteni sana, nimeelewa. Ila agarosi ikibaki ndani, kingamwili za kupakia rangi zitapita kweli?

pafu_moja: Zinapita, matundu ya agarosi ni makubwa kuliko kingamwili. Kinachochelewesha ni unene wa tishu, weka sabuni ya kutoboa utando wa seli na uache usiku kucha au zaidi, ukiona katikati pako giza ongeza muda kabla hujaongeza kingamwili.