Kuvunja mabaraza na kuyaunganisha: tupeane uzoefu wa kazi yenyewe

Mhasibu wa Serikali za Mitaa

Wakuu, Uingereza wako katikati ya kazi ambayo Kenya iliipitia mwaka 2013. Surrey, kaunti iliyo kusini-magharibi mwa London, ndiyo iliyotangulia katika awamu hii: baraza la kaunti na mabaraza 11 ya chini yake yanavunjwa, na Aprili 2027 zinabaki halmashauri mbili tu, ya Mashariki na ya Magharibi. Kenya tulitoka mabaraza 175 tukaingia kaunti 47. Tuwaachie wengine siasa za mipaka. Hapa tuseme kinachofanywa, kwa mpangilio gani, na kinachoharibika.

Naanza na muda, kwa kuwa ndio unaoamua mengine yote. Sheria ya mpito ya Kenya ilipitishwa 2012, na Mamlaka ya Mpito ikaanza kazi katikati ya mwaka huohuo. Ilitakiwa kuhesabu mali, madeni na watumishi wa kila baraza. Uchaguzi ukafanyika tarehe 4 Machi 2013, magavana wakaapishwa siku 23 baadaye. Gavana aliingia ofisini akakuta akaunti za benki za mabaraza matano au sita, kila moja na watia saini wake, na hesabu ya mali haijakamilika.

Mpima Ardhi

Kwenye mali, daftari la mezani halitoshi hata kidogo. Utaratibu unaofaa ni huu: chukua orodha ya baraza, nenda uwanjani kwenye kila kipande cha ardhi, piga alama za GPS, kisha linganisha na ramani ya upimaji na rejista ya ardhi. Andika nani anakikalia sasa hivi na kwa karatasi gani.

Shida kubwa ya Kenya ilikuwa kwamba masoko, makaburi, stendi za magari na nyumba za watumishi vilikaa kwenye ardhi isiyo na hatimiliki. Kulikuwa na barua ya ugawaji tu, au kumbukumbu za kikao cha baraza. Karani aliyejua historia ya kiwanja akistaafu, ushahidi umeondoka naye. Sheria ilizuia mabaraza kuhamisha mali wakati wa mpito bila kibali cha Mamlaka, lakini zuio bila orodha halina meno: huwezi kuthibitisha kwamba kimeuzwa kitu ambacho hakikuandikwa popote. Mamlaka ilimaliza muda wake 2016 na kazi ikaangukia kamati ya kiufundi ya mahusiano ya serikali mbili, ya kitaifa na ya kaunti.

Kwa hiyo hatimiliki kwanza, samani baadaye. Nimeona vikosi vikihesabu viti na tarakilishi wiki nzima huku ekari za soko zikisubiri.

Afisa Utumishi

Watumishi wa kaunti walitoka sehemu tatu: mabaraza ya zamani, wizara zilizogatuliwa (afya na kilimo hasa), na walioajiriwa upya na bodi za kaunti. Mabaraza yalipanga ngazi za mishahara kwa namba, ngazi ya 1 ikiwa ya juu kabisa. Serikali kuu ilitumia herufi, A ikiwa ya chini. Ukikosa jedwali la kulinganisha mapema, watu wawili wa kazi moja, meza moja, watalipwa tofauti, na chama cha wafanyakazi kitakuwa mlangoni.

Hatua ni hizi. Simamisha ajira mpya. Ita kila mtumishi na barua halisi ya kuajiriwa, kitambulisho, namba ya kodi na vyeti. Linganisha jina na akaunti ya benki inayopokea mshahara. Akaunti moja yenye majina mawili ichunguzwe siku hiyohiyo. Ndipo utoe namba ya utumishi na kumwingiza kwenye mfumo wa mishahara. Kinachoharibika ni wale wanaobaki nje ya mfumo kwa kukosa namba: wanalipwa kwa orodha ya mkono, "kwa muda", na orodha hiyo huwa ndiyo maskani ya watumishi hewa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeirudia hoja hii kwa kaunti nyingi, mwaka baada ya mwaka.

Pensheni nayo isisahauliwe. Baraza lilikata makato kwa mtumishi bila kuyapeleka Laptrust au Lapfund, mifuko ya pensheni ya watumishi wa mabaraza. Baraza limekufa, riba ya adhabu inaendelea kuhesabiwa, na mzee anastaafu akiambiwa faili lake halijakamilika. Hili linaumiza watu ambao hawakufanya kosa lolote.

Mkaazi wa Uingereza

Ndugu Mhasibu, tofauti kubwa huku ni hiyo ya muda uliyoanza nayo. Kaunti za Cumbria, North Yorkshire na Somerset walichagua madiwani wapya Mei 2022, lakini mamlaka mapya yakashika kazi tarehe 1 Aprili 2023. Karibu miezi 11 mabaraza ya zamani yaliendelea kuzoa taka na kulipa mishahara, huku wapya wakiandaa bajeti, katiba ya ndani na kuteua mtendaji mkuu. North Yorkshire iliunganisha mabaraza manane kuwa moja kwa njia hiyo.

Halafu kuna kifungu cha 24 cha sheria ya serikali za mitaa ya huku ya 2007. Waziri akitoa agizo, baraza linalovunjwa haliwezi kuuza ardhi ya zaidi ya pauni 100,000, wala kuingia mkataba wa maendeleo wa zaidi ya pauni milioni 1, bila ridhaa ya yule aliyetajwa kwenye agizo, kwa kawaida atakayerithi. Viwango viko kwenye sheria yenyewe, hakuna kubishana.

Kodi ya baraza, ile inayolipwa na kila kaya, haisawazishwi kwa siku moja. Wilaya zilizounganishwa zilikuwa na viwango tofauti, kwa hiyo mamlaka mpya hupewa miaka kadhaa kuvifikisha pamoja. Madeni ndiyo hayana dawa nyepesi: wilaya ya Woking pekee, iliyomo Surrey, ilifikisha deni la takriban pauni bilioni 2 lililotokana na uwekezaji wa majengo. Majirani wanauliza, kwa haki kabisa, kwa nini walibebe.

Mkusanya Mapato

Hapo kwenye kusawazisha ndipo Kenya tuliteleza. Kiambu ilirithi Thika, Ruiru, Limuru, Kikuyu, Karuri na wengine, kila baraza na jedwali lake la leseni ya biashara. Duka la ukubwa uleule lililipa ada tofauti kwa kuvuka barabara. Kaunti zikaandika sheria moja ya fedha, nyingi zikichukua kiwango cha juu kuwa cha wote. Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la gazetini halikutosha.

Kodi ya viwanja ni ngumu zaidi. Inatozwa kwa daftari la tathmini, yaani orodha ya thamani ya kila kiwanja, na madaftari mengi yalikuwa ya zamani mno. Nairobi ilitumia la mwaka 1982 kwa miongo. Ukiweka asilimia ileile kwa kaunti nzima, mwenye kiwanja kilichothaminiwa karibuni anabeba mzigo wa jirani. Tathmini mpya itangulie, asilimia ifuate. Wakati unasubiri, acha kila mji na asilimia yake ya zamani na uiandike hivyo kwenye sheria ya fedha, ili hakimu aione.

Na ule mfumo wa mapato wa mabaraza, LAIFOMS: kabla ya kuuzima, toa bakaa ya kila mlipaji kwenye karatasi na kwenye faili la kielektroniki, aisaini mlipaji inapowezekana. Bila hivyo, mtu aliyelipa 2011 atadaiwa upya, na aliyekwepa ataapa kwamba alilipa.

Mpangaji Miji

Niongeze la miji. Baraza la mji lilipovunjwa, taa za barabarani, mifereji na soko vilihamia makao makuu ya kaunti, wakati mwingine mwendo wa saa mbili. Bodi za manispaa zilianza kurudi kwa wingi baada ya mpango wa Benki ya Dunia wa miji kudai hati ya manispaa na bodi kabla ya kutoa ruzuku. Hata hivyo bodi isiyo na fungu lake la bajeti haiwezi kuziba shimo moja. Surrey wakiunda kamati za mitaa, waandike kwenye agizo la kuanzisha mamlaka ni mapato gani yanabaki mjini, na nani ana sahihi ya kuyatumia.