Naongoza filamu yangu ya kwanza, mwigizaji mkuu ni mtu mzima kwangu. Naombeni ushauri

Chipukizi
Wakuu, habari za jioni. Nasomea filamu hapa Dar, mwisho wa mwezi naongoza filamu fupi ya kufungia muhula. Skripti ina kurasa 9, karibu yote ndani ya nyumba moja Temeke: mama na binti wanabishana kuhusu kuuza kiwanja alichoacha marehemu baba. Tuna kamera moja, maiki moja ya bumu (ile ya kwenye fimbo ndefu) na taa mbili za kuazima. Nyumba tumepewa wikiendi moja tu.

Kinachoninyima usingizi ni mama wa kwenye hadithi. Ameigiza jukwaani miaka mingi, sauti yake inajaza ukumbi. Mbele ya kamera inakuwa kubwa mno, na mikono haitulii. Namwambiaje bila kumvunjia heshima mbele ya vijana? Na siku yenyewe nianzie wapi?

Mzee wa Kona
Hongera, kijana. Kwanza, usimwelekeze kwa kupaza sauti toka kwenye kamera. Mfuate alipo, inama, ongea naye taratibu, wengine wasisikie.

Pili, neno "punguza" liache kabisa. Mwigizaji akiambiwa hivyo anaanza kujichunga, uso unakauka. Mpe sababu: "Mama, jirani yuko hapo dirishani, na hili la kiwanja hutaki alisikie." Sauti itashuka yenyewe, na hofu utaiona machoni. Mikono nayo ipe kazi, achambue mchele kwenye ungo huku anabishana na bintiye. Akifika kwenye jina la marehemu, vidole visimame. Hapo una sini, yaani tukio lenye uhai.

Jukwaani alikuwa anamtafuta mtu wa kiti cha nyuma, hapa kamera iko mita moja na uso wake. Mwonyeshe shoti yake ya karibu siku ya mazoezi, mkiwa wawili. Mzoefu akijiona atajirekebisha. Na tafadhali, usimwite alfajiri kwa sini ya alasiri.

Dada Bumu
Nyumba za Temeke nazijua, sauti ndiyo itakayowatesa. Zimeni pangaboi na friji. Funguo za nyumba ziweke ndani ya friji, hamtaondoka bila kuiwasha. Ulizia msikiti wa karibu na upange maongezi marefu nje ya nyakati za adhana, maana adhana ikiingia nusu kwenye shoti moja, edita hana pa kuunganishia. Kabla ya kufungasha, wote mnyamaze, rekodi ukimya wa chumba hicho sekunde 60. Utazibia mapengo ya sauti wakati wa kuhariri.

Fundi Lenzi
Chora mstari wa kufikirika kati ya mama na binti, kamera ibaki upande mmoja. Ukiuvuka, wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Anza na shoti pana ya sini nzima, kisha ingia karibu. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo ukirekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde itazuia taa kupepesa. Kibali cha Bodi ya Filamu fuatilia sasa hivi kupitia chuo, sheria ya 1976 inakitaka. Serikali ya mtaa nao wape taarifa.

Chipukizi
Asanteni sana, wakuu. Shikamoo Mzee wa Kona, la mchele nalijaribu mazoezi yajayo. Moja limebaki: sini ya mwisho iko uani, wakati wa magharibi, binti anamfuata mama ake. Nahofia mwanga.

Mzee wa Kona
Marahaba. Dar jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Saa 10 muwe uani mnafanya mazoezi: nani anasimama wapi, bumu inapita wapi. Mwanga ukifika, shoti pana kwanza, kwa kuwa inahitaji mbingu. Za karibu fuatisha, hizo hata kukiingia giza utasaidiwa na taa. Nyaya za taa zivutwe mapema, na mtu mmoja akae na swichi.