Wakuu, simu gani inamfaa mtu asiyeona aweze kutembea mwenyewe kwa GPS? Bajeti laki 4 na nusu

Njiapanda77
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na naomba wajibu wanaojua tu, utani mpeleke kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Nina kaka yangu haoni kabisa, macho yote mawili. Nataka simu janja inayoongea, yenye ramani ya kumwongoza kutoka nyumbani Mbagala Kizuiani hadi kazini kwake Temeke na kurudi, bila kushikwa mkono na mtu. Bajeti laki 4 na nusu, nikijikamua sana laki 5. Nichukue Android mpya au iPhone iliyotumika? Na hiyo GPS inakosea kiasi gani? Nina kama wiki 3 tu.

Fundi_Kkoo
iPhone, tusizunguke. Kisoma skrini chake kinaitwa VoiceOver, kimo ndani ya simu tangu 3GS ya mwaka 2009, hupakui kitu. Chukua SE ya 2020, ina kitufe cha kubonyeza chini, mtu asiyeona anakipapasa anajua yuko wapi. Ninazo mbili dukani, safi kabisa. Njoo inboksi.

Kijiwe_Nongwa
Mimi naona hadi sisimizi, na GPS ilinipeleka Kigamboni kwenye shamba la mihogo la watu, mbwa wakanisindikiza hadi lami. Mpe kaka yako namba ya boda anayemwamini, hiyo laki 4 tule.

Mama_Wawili
Pole sana mdogo wangu. Kaka alipatwa na nini? Baba yangu ilikuwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haina dalili. Alianza kugonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, tukamcheka anazeeka. Tulipompeleka hospitali daktari alisema kilichokwishapotea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Tukalinda mwaka mmoja hivi, basi. Kama ya kaka ni hiyo, jamani ukoo mzima mkapime, inatembea kwenye damu.

Njiapanda77
Asante dada. Ndiyo, presha ya macho. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, 2016 ikawa giza moja kwa moja. Sasa anafundisha tuisheni, kidato cha tatu na cha nne, kichwani kwake ubao wote umo. Lakini naomba turudi kwenye simu.

Mwl_Sarufi
Kwanza hongera kwa kuandika "asiyeona". Wengi humu wangeandika "kipofu".

Sauti_Kioo
Mimi ni kipofu na hilo neno halijawahi kunigonga. Lililonigonga ni nguzo ya umeme.

Mleta mada, sioni tangu nikiwa na miaka 6, nina miaka 34, hapa naandika kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android. Android nayo imekuwa nacho tangu 2009 hiyohiyo, kwa hiyo Fundi asikutishe. Bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde 3, kinakuuliza uwashe, basi. Telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gonga mara mbili kufungua.

Kabla sijaandika mengi nijibu matatu. Kaka anatumia fimbo nyeupe? Sasa hivi anafikaje Temeke? Na wiki 3 ni za nini?

Njiapanda77
Sasa hivi anafika vizuri tu. Wiki 3 ni mipango ya kifamilia. Mkuu, GPS inakosea mita ngapi?

Sauti_Kioo
Mahali pa wazi, simu ya kawaida kama mita 5. Ukiingia katikati ya maghorofa, Posta au Kariakoo, mawimbi yanagonga kuta kabla hayajafika kwenye simu, hapo inaweza kukuweka upande wa pili wa barabara huku inakuambia umefika. Kwa mwenye macho mita 5 si kitu. Kwangu mita 5 ni tofauti ya mlango wa duka na mtaro ulio wazi.

Hujajibu. Fimbo?

Njiapanda77
Hatumii. Anashika bega langu.

Sauti_Kioo
Na wewe wiki 3 zijazo bega lako litakuwa wapi?

Kijiwe_Nongwa
Eeh. Nimevuta kiti.

Njiapanda77
Sawa, niseme. Nimepata kazi Geita, mkataba wa miaka miwili. Naondoka tarehe 28. Miaka 9 mimi ndiye ninayemtoa nyumbani saa 1 asubuhi na kumrudisha jioni, biashara zangu zote nimezifanyia Temeke ili niwe karibu. Nina miaka 31, sina hata kitanda cha kwangu. Yeye bado hajui. Nilitaka nimpe simu kwanza, aizoee, akiona anaweza mwenyewe ndipo nimwambie, asiumie. Na msinijie juu kwamba fimbo, fimbo. Nilimnunulia 2018, akaitia uvunguni. Anasema fimbo ni ya ombaomba wa kwenye mataa, wanafunzi wake wasimwone nayo. Simu mtu anaishika bila aibu. Kwa hiyo ni simu.

Na tiketi nimeshakata.

Mcha_Mungu_Tz
Ndugu, ulichokuwa unafanya ni ibada. Miaka 9 ya thawabu unataka kuiuza kwa laki 4 na nusu? Mche Mungu. Geita dhahabu ipo tangu enzi na enzi, ila kaka ni mmoja.

Mama_Wawili
Mcha Mungu, wewe una kaka wa kumshika bega miaka 9? Mwacheni kijana akafanye kazi. Mimi nilimwogesha baba hadi mwisho, na mume akaondoka katikati ya hayo, hakuna aliyeniletea hiyo thawabu nyumbani.

Ila kumficha, hapana. Na wewe umepima macho? Mama yenu ni mmoja?

Fundi_Kkoo
Mkuu, laki 5 hiyohiyo nakuongezea kava na kioo cha juu.

Njiapanda77
Fundi, simu nimeshanunua. Jumamosi. Nilikuja humu kuthibitisha tu. Ni Android, mpya kwenye boksi, RAM 4, betri kubwa, laki 3 na 80. Muuzaji alinihakikishia GPS imo.

Sauti_Kioo
Kila saa unatoa kipande kimoja, kama daktari wa meno.

Fungua Google Maps simama nje. Kile kidoti cha bluu kina kimwanga kinachotoka mbele kama cha tochi? Kigeuze, ugeuke nacho.

Njiapanda77
Kidoti kipo. Mwanga hakuna. Nimezunguka kama kuku aliyetiwa kileo, majirani wananitazama.

Sauti_Kioo
Haina dira. Simu nyingi za bei ya chini hawaweki hicho kidude, na kwenye boksi hawaandiki kwamba hakipo. Bila dira simu inajua ulipo lakini haijui umeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Wewe unaona, utageuka. Kaka yako atasimama Kizuiani, sauti imwambie nenda kaskazini, atapiga hatua 10 kwanza ndipo simu igundue kwamba ameenda kusini, yaani kwenye lami. Kairudishe kama wanakubali.

Sasa ramani. Mwaka 2019 mwezi wa 10 Google walileta maelekezo ya kina kwa wasioona wanaotembea kwa miguu: uko njia sahihi, makutano makubwa yanakuja, kuwa mwangalifu. Wakaanza na Kiingereza cha Marekani na Kijapani cha Japani. Vichochoro vya Kizuiani sisi tusubiri foleni. Ninayotegemea mimi ni OsmAnd, inatumia OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, unapakua ramani ya Tanzania nzima ukiwa na waifai, kisha unatembea bila bando. Na Dar humo imechorwa vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya mafuriko. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar na Ardhi, pamoja na wenyeji wa mitaa, walizunguka wakichora kwenye mradi wa Ramani Huria, nyumba kwa nyumba, hadi mitaro. Walikuwa wanatafuta maji yanapopita, mimi nikapata vichochoro.

Zipo nyingine. Lazarillo ya Wachile, ya bure, inakutajia vilivyo karibu unapopita. Nilipokuwa na iPhone ya kupewa niliipenda Soundscape ya Microsoft, inakupigia mlio upande ulipo mlango unaoutafuta, kama mtu anakuita. Januari 2023 wakaizima. Msimbo wake (code) waliuacha wazi, wengine wakaifufua kwa majina mengine, lakini wiki ile nilikaa ndani. Ndiyo maana simwambii mtu ategemee programu moja.

GPS mimi inanisaidia zaidi nikiwa NDANI ya daladala. Natega sikio moja tu, jingine liwe wazi, nasikia Zakhem, Mtoni, Sabasaba, konda akinipitiliza namwambia kabla yeye hajajua. Chini ya miguu yangu ni fimbo. Simu haioni tofali, haioni boda aliyepanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, haioni ule waya wa kushikilia nguzo.

Na simu isiwe mkononi. Mfuko wa kifuani, zipu. Wanyakuzi hawaangalii kama unaona.

Mpekuzi_Huru
Wakuu, mmenyweshwa chai ya tangawizi na nyote mnaomba kikombe cha pili.

Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Machi mwaka jana alifungua uzi wa mirathi akaandika, nanukuu, "mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, dada zangu wanne wananitenga". Leo ana KAKA. Mwalimu wa hesabu, haoni tangu 2016, hajui kisoma skrini hadi leo? Simu kashanunua, tiketi kashakata, ushauri wa nini? Na huyu Sauti_Kioo amejiunga mwezi uliopita, anaandika bila kosa hata moja kuliko sisi wenye macho. Naona ID mbili, mtu mmoja, wanatangaza programu.

Kijiwe_Nongwa
Sukari hiyo mkuu, koroga.

Fundi_Kkoo
Mimi nilishangaa alivyoikataa SE.

Mcha_Mungu_Tz
Nilijua. Ndiyo maana niliandika kwa kifupi.

Sauti_Kioo
Programu ninazotangaza ni za bure, nalipwa na nani? Naandika bila kosa kwa sababu kisoma skrini kinanisomea herufi kwa herufi, ukikosea "nyumba" kinakutamkia ulichoandika mpaka uone aibu. Mpekuzi, "umenyweshwa" umeandika "mmenyweshwa", sawa, hilo sahihi. Nilitaka nikukamate.

Njiapanda77
Mpekuzi, mama yake na mama yangu ni ndugu tumbo moja, mama yake ndiye mkubwa. Nilikuja kwao nikiwa darasa la tano, amenilipia ada kwa mshahara wake wa ualimu hadi kidato cha nne. Kwenu mtoto wa mama mkubwa mnamwitaje? Uzi wa mirathi ulikuwa wa baba yangu, huko ni kweli niko peke yangu.

Kisoma skrini alijua kwamba kipo. Alikuwa na simu ya batani na mimi. Alikuwa ananiambia kapige namba fulani, napiga. Kutoka mlangoni hadi kituoni alikuwa anahesabu hatua, 412, na kweli zilikuwa 412. Walipoanza kujenga njia ya mwendokasi Barabara ya Kilwa vivuko vikahamahama, hesabu ikavurugika, tangu hapo hahesabu tena, anashika bega tu. Mnaoona chai, nyweni.

Mama_Wawili
Mimi nakuamini. Mama mkubwa na mama mdogo, basi wewe kapime macho, nisikuulize mara ya tatu.

Mpekuzi_Huru
Weka picha ya tiketi.

Sauti_Kioo
Achana na picha. Njiapanda, leo usiku washa TalkBack kwenye simu YAKO, funga macho, jaribu kufungua ujumbe mmoja. Ujue unachomkabidhi. Halafu nenda Chama cha Wasioona, TLB, uwaulize nani anafundisha fimbo karibu na kwenu. Mimi niliionea aibu fimbo hadi nina miaka 22. Ukiwa nayo watu wanajua huoni. Ukiwa huna, wanajua umelewa.

Njiapanda77
Wakuu, nimerudi baada ya siku 6.

Niliwasha TalkBack kwenye simu yangu kama alivyosema Sauti_Kioo, sebuleni, kaka amekaa anakula. Nimefumba macho natelezesha vidole, simu inabwata Kiingereza. Ghafla ikaingia meseji ya basi. Sikuweza kuizima, sijui kitufe kiko wapi, ikaisoma yote kwa sauti ya mzungu anayetamka Kiswahili, "tiketi yako ya Dar kwenda Geita", tarehe, saa 11 alfajiri, siti namba.

Kaka alinawa mikono kwanza. Akauliza hiyo siti namba 14 ni ya dirishani?

Tulikaa hadi saa 7 usiku. Yaliyosemwa hayo si ya humu. Simu duka limekataa kuirudisha. Fimbo imetoka uvunguni, mpira wa chini umeliwa na panya, tumefunga kipande cha kandambili. Kuna mzee kupitia TLB anakuja Jumanne na Alhamisi. Kuzunguka nyumba tu kwa sasa, barabara bado. Tarehe 28 nimeisogeza hadi 11, kampuni wamekubali kwa kununa. Dada yangu wa pili atakuwa anampeleka hadi tujue, na yeye anataka alipwe.

Ile simu isiyo na dira amepima nayo kutoka mlangoni hadi duka la Mpemba. Simu ikasema amefika, akaniambia bado hatua 17. Zilikuwa 17.

Sauti_Kioo
Mpira wa fimbo ninao wa ziada. Inboksi.

Fundi_Kkoo
Hiyo simu isiyo na dira mnaitoa kwa bei gani?

Njiapanda77
Haitolewi. Yuko kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya walimu, usiku hatulali.