Mjadala: Kisima kirefu cha Wembere kichimbwe kwa fedha zetu, au tuache?

Mwenye mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila petroli ikipanda bei, hoja inarudi ile ile: Uganda wana mafuta, Kenya wana mafuta, sisi Watanzania tuliopakana nao tuna gesi tu, basi kuna mtu anatuficha. Leo naomba tuiweke kando hiyo, tujadili jambo lenye fedha ndani yake. TPDC, shirika letu la umma la petroli, imekuwa ikitafiti kitalu cha Eyasi-Wembere, yaani eneo lililotengwa kutafutia mafuta, kwa miaka kadhaa: kimepimwa kwa ndege, vimechimbwa visima vifupi, imepigwa mitetemo ya kuona matabaka ya mawe chini. Linalobaki ni kisima kirefu, na kisima kirefu ni mamilioni ya dola. Shirika la umma lilipe, au tungoje kampuni ya nje ije kubahatisha kwa fedha zake?

Mimi nasema tulipe. Ila kisima hicho cha kwanza kisiende kutafuta mafuta, kiende kutafuta mwamba mama, jiwe linalopika mafuta.

Niliwahi kufanya kibarua kwenye mtambo wa kuchimba huku pwani. Kazi yangu ilikuwa kukinga chenga za mawe zinazopanda na tope, kuziosha na kuzitia kwenye vifuko vyenye namba ya kina. Mjiolojia alizimulika kwa taa ya urujuani, kama ile ya benki ya kukagulia noti. Jiwe lenye mafuta huwaka rangi ya dhahabu. Siku nyingi hakikuwaka kitu. Mimi nilikuwa nadhani mafuta ni ziwa huko chini, unatoboa unachota. Yule bwana akachukua kipande kikavu cha jiwe la mchanga, akakidondoshea tone la maji. Tone likazama kama limenyweka kwenye mkate. Akaniambia, ziwa lenyewe ndilo hili.

Kwa hiyo jiwe la mchanga ni ghala tu. Kazi ya kupika hufanywa na jiwe jingine: tope laini lililotulia chini ya ziwa au bahari isiyo na hewa, likiwa limejaa mwani na mabaki ya viumbe ambavyo havikupata nafasi ya kuoza vizuri. Likifukiwa kilomita mbili, tatu, joto linapanda. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, mafuta yanatoka. Likivuka 150, unabaki na gesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda hadi yakute jiwe la kuyanywa, na juu yake pawe na tabaka la kuyazuia. Kukiwa hakuna kizuizi yanatoka nje, kama yalivyofanya Wingayongo kwenye bonde la Rufiji, ambako jiwe la mchanga limebaki na lami ndani yake. Aliyekuficha hapo ni nani?

Na ndiyo maana jirani ana mafuta na wewe una gesi. Ya Ziwa Albert yamepikwa kutoka kwenye tope la ziwa la kale, mwani mtupu, ndiyo maana yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama dawa ya viatu. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto njia nzima yabaki kwenye nyuzi 50 na zaidi. Huku pwani yetu, matabaka mengi yanayodhaniwa kuwa mama yamezama mno, na mengine yana mabaki ya mimea ya nchi kavu ambayo hata bila kuungua sana hutoa gesi. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo ni methani karibu tupu, si mafuta.

Wembere ni bonde la ndani, la ufa, la maziwa. Umbo linafanana na la jirani. Lakini mitetemo inakuonyesha matabaka yalivyolala. Haikuambii tope lile lilikuwa na mwani au ni udongo mtupu uliosombwa na mvua. Hilo lazima ulishike mkononi.

Kisima Kikavu

Mkuu, umeeleza vizuri halafu ukahitimisha vibaya. Kufanana na jirani kumeshatudanganya. Rukwa nako ni bonde la ufa, lina matabaka mazito kuliko unavyofikiri. Amoco, kampuni ya mafuta ya Marekani, wakachimba visima vya Ivuna na Galula mwaka 1987. Wakaondoka mikono mitupu. Hao ni Amoco, wenye fedha za kuchezea. Sisi tukipata kisima kikavu, hiyo ni barabara ngapi? Nani atajibu bungeni?

Na Wembere ina tatizo ambalo umelikwepa: inakaa juu ya mwamba mzee wa itale (graniti), mgongo baridi wa nchi hii. Joto likiwa nyuzi 25 au 30 kwa kila kilomita, na matabaka yasipokuwa manene, huo mwamba mama wako utaukuta mbichi. Tope lenye mwani ambalo halijapikwa ni udongo wa kufinyangia vyungu.

Kampuni ya nje ikija, hasara ni yake. Hata tukimpa fungu kubwa akipata, mimi naona ni biashara nzuri kuliko kucheza kamari na kodi.

Mwenye mada

Hilo la joto nakubali, ndiyo hofu yangu namba moja, na ndiyo sababu nasema kisima cha kupima. Ukichukua chenga za tope maabara wanakupa majibu mawili: lina chakula kiasi gani, na limepikwa kiasi gani. Likiwa bichi, tunafunga kitalu na kulala usingizi.

Ila kwenye "ngoja wa nje" nakupinga. AGIP, kampuni ya Italia, waligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, wakaona hailipi, wakafungasha. Waliobaki wakichimba ni hawa hawa TPDC. Umeme wa gesi ukafika Ubungo 2004, miaka 30 baadaye. Tungemngoja wa nje aone faida, leo Dar ingekuwa inawashwa kwa mafuta mazito. Na Rukwa hukuimaliza: bonde lile lile "kavu" ndilo linalotafutwa gesi ya heli sasa. Heli inatoka kwenye itale yenyewe, urani na thori zikioza taratibu, halafu inanaswa kwenye mchanga uliolala juu. Amoco walikuwa wanatazama kitu kingine.

Mtwara Kuchele

Mnabishana mawe, mimi niulize watu. Mwaka 2013 tuliandamana hapa kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar, mkatuita wachochezi. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu, na mama yangu bado anapikia mkaa. Ipo ile futi za ujazo trilioni 57 inayotajwa kila bajeti, nyingi iko chini ya bahari kuu na iko hapo hapo. Kwa nini mtu mwenye ghala limejaa aende kulima shamba jipya porini? Fedha ya kisima cha Wembere ileteni isambaze gesi majumbani.

Jirani wa Lodwar

Habari zenu kutoka Turkana. Msione vyaelea. Kisima chetu cha kwanza cha mafuta, Ngamia-1, kilitoboka 2012, watu wakacheza, bei ya ploti Lokichar ikapanda hata kabla ya mtu kuona pipa. Malori yalianza kubeba mafuta kwenda Mombasa 2018, wananchi wakayazuia kwa sababu ya usalama na kazi. Meli ya kwanza ikaondoka Agosti 2019. Baada ya hapo, kimya. 2023 washirika wa Tullow, kampuni ya nje iliyokuwa ikichimba, wakajitoa, na 2025 Tullow mwenyewe akauza.

Kitu kimoja tu mnaweza kuiga kwetu: gawanyeni kwenye sheria mapema. Yetu ya 2019 inasema 75 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale pale. Tulipigania hiyo 5 iwe 10, tukashindwa. Nyinyi hamjachimba bado, ndio wakati wenu wa kubishana.

Mwenye mada

Jirani, asante, hilo sikuwa nalo kabisa kwenye hoja yangu. Mtwara Kuchele, sina jibu zuri kwako. Naweza kusema fungu la utafiti si fungu la usambazaji, lakini najua fungu likiwa la utafiti au la nini, kwenu halijafika.

Mchunga Ng'ombe, Meatu

Mimi sijui mambo ya mwani. Magari ya utafiti yalipita kwetu, yakafyeka mstari mnyoofu kama wamepima kwa kamba, wakalipa mazao kwa vipimo vyao, wakaenda. Tuliowapa maji ni sisi. Kinachotuuma ni kwamba walichimba wakafunga, hakuna aliyerudi kijijini kusema "tumekuta hiki". Hata kama ni udongo, tuambieni ni udongo.

Ila niseme kitu. Jirani yangu alichimba kisima cha maji miaka miwili iliyopita. Maji yalikuja ya chumvi, akakiacha. Kabla ya maji lilitoka tope jeusi, likikauka linabanduka vipande vyembamba kama kurasa za daftari. Watoto walichezea.

Mwenye mada

Ndugu yangu, hivyo vipande bado vipo? Kina kilikuwa futi ngapi? Kama vipo, kiwekee kimoja moto wa kibiriti pembeni, uniambie kama kinanuka mafuta. Usikiweke jikoni.

Kisima Kikavu

Mkuu, tope jeusi hata kwenye majaruba ya mpunga lipo. Usiwape watu presha.

Mchunga Ng'ombe, Meatu

Futi kama 90. Ngoja nimuulize mwenye kisima, yuko mnadani leo.