Bibi anataka kuvuka kwa kivuko

Kikundi: Wajukuu wa Bibi wa Bweni, Pangani

JUMATATU USIKU

Dada Mkubwa: Asalaam alaykum, habari za jioni wote. Nimepata ruhusa kazini Ijumaa ya tarehe 26. Wikiendi ndefu hiyo. Tunampeleka Bibi wapi? Naomba tuamue wiki hii hii, si kusubiri mpaka siku yenyewe tumeshabeba mabegi.

Kaka Dereva: Lushoto 🙌 Kwanza joto la Dar limenichosha.

Wifi: Naunga mkono Lushoto. Mboga za pale Soni tu zinatosha kunitoa nyumbani.

Mdogo wa Chuo: Shikamooni wote. Mimi nimeshachora ratiba kabisa. Ijumaa asubuhi Bagamoyo, jioni tunalala Korogwe. Jumamosi Lushoto, tunashuka usiku Tanga. Jumapili Pangani, halafu Dar. Miji mitano ndani ya siku tatu.

Kaka Dereva: Mdogo wangu, mwenye usukani ni mimi. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona. Halafu nishuke nazo usiku, Bibi yumo ndani? Hapana.

Mdogo wa Chuo: Nilitaka tuone vingi tu kaka.

Dada Mkubwa: Ngoja niseme. Mwaka juzi tulifanya hivyo hivyo. Mnakumbuka Kaole, yale magofu ya Bagamoyo? Tulifika saa 9 mchana, jua kali, kila mtu anasema twende twende tutachelewa. Bibi alibaki kwenye gari na chupa ya maji mkononi. Hakuona makaburi wala ule msikiti wa karne ya 13. Tulirudi na picha mia mbili na yeye hayumo hata kwenye moja. Mimi jambo lile liliniuma mpaka leo. Safari hii tuchague mji mmoja, tulale siku mbili, tukae.

Baba Mdogo: Umesema vyema mwanangu. Mji mdogo ni wa kukaa. Ukipita mbio unaona barabara yake tu na sheli yake.

Wifi: Shikamoo Baba Mdogo.

Baba Mdogo: Marahaba mama. Watoto hawajambo?

Wifi: Hawajambo, wamelala.

JUMANNE

Shangazi Tanga: Nimesoma yote usiku. Wanangu, mbona hakuna aliyeitaja Pangani peke yake? Mnamzungusha mama wa watu huku na huku, na kwao kupo.

Kaka Dereva: Shikamoo Shangazi. Si kwamba hatupendi. Ni barabara.

Shangazi Tanga: Marahaba. Barabara gani? Piteni Chalinze, Segera, Muheza mpaka huku Tanga, lami tupu. Mnalala kwangu mkitaka, au mnaendelea Pangani, ni kama kilomita 50 tu kutoka hapa mjini. Njia ya Bagamoyo na Saadani waachieni wenye magari ya juu. Noah yenu iko chini.

Kaka Dereva: Hapo nimekuelewa. Chalinze basi. Ila mjue kila kijiji ni spidi 50 na tochi zimejaa. Tukitoka saa 11 alfajiri, Tanga tunaingia mchana, Pangani alasiri.

Wifi: Na Lushoto yangu jamani? 😢 Irente pale ukisimama ukingoni nyanda zote ziko chini ya miguu yako, mpaka unaogopa kupumua. Na mikate yao na jibini.

Dada Mkubwa: Wifi, Lushoto nzuri sana na tutakwenda, nakuahidi. Ila Septemba kule juu bado kuna ubaridi asubuhi, na magoti ya Bibi unayajua. Mji uko kama mita 1,400 juu. Sisi wa Dar tunauona utamu, yeye hatalala.

Wifi: Kweli. Basi Desemba, tukienda wenye magoti mazima.

Baba Mdogo: Na Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, tunaenda Jumapili yoyote na kurudi. Haitaki wikiendi ndefu.

Mdogo wa Chuo: Sawa, ila Pangani kuna nini cha kufanya siku mbili? Nauliza kwa nia njema. Nikitafuta naona ufukwe tu.

Baba Mdogo: Swali zuri, na ngoja nivae miwani nilijibu.

Baba Mdogo: Mwanangu, ule mto unaouona pale mdomoni umeanzia maji ya Kilimanjaro na Meru. Umepita Nyumba ya Mungu, umepita Korogwe na Hale ukizalisha umeme, ndipo unakuja kuingia baharini Pangani. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini, majumba ya mawe yanautazama mto, mengine yamebomoka na mengine bado yana milango ya nakshi. Upande wa pili ni Bweni, kwao Bibi yako.

Baba Mdogo: Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ilimpeleka pale mtu wake, Emil von Zelewski, akataka bendera ya Sultani wa Zanzibar ishushwe. Watu wa Pangani wakakataa. Wakamfungia ndani ya nyumba yeye na wenzake. Vita vikaenea pwani nzima, na aliyeongoza ni Abushiri bin Salim, mtu mwenye shamba la miwa pale pale. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mimi nilifundisha historia miaka mingi, nikiandika ubaoni "Vita vya Abushiri", lakini siku niliyosimama ukingoni mwa ule mto ndipo nilipoelewa kwa nini mtu angekufa kwa ajili ya mji ule.

Mdogo wa Chuo: Hii sikuijua kabisa kwamba ni PALE.

Baba Mdogo: Bado. Katani unayoiona Tanga nzima, mizizi yake ni Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Njiani ikafa karibu yote. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, upande ule ule wa Bweni. Kutokana na hiyo 62 ndiyo mashamba yote yale.

Kaka Dereva: 62 tu??

Baba Mdogo: 62. Na baba yake Bibi alikata katani maisha yake yote.

Dada Mkubwa: Sikulijua hilo. Kwamba babu alikuwa mkata katani najua, ila ya miche hapana.

Binamu Mombasa: Hamjambo nyote. Nami natazama kimya kimya. Mkiwa mwaenda Pangani, mimi na mke wangu twaja. Napitia Lungalunga, navuka mpaka Horohoro, naingia Tanga mchana. Ni karibu kwangu kuliko nyie.

Shangazi Tanga: Karibu sana mwanangu! Njooni na vitambaa vyenu, mimi nitakuwa nishatandika.

Binamu Mombasa: Na ile Tongoni tutasimama? Mamangu alikuwa akiitaja.

Shangazi Tanga: Lazima. Iko njiani mkitoka huku kuja Pangani, si mbali. Gofu la msikiti na makaburi kama 40, yenye nguzo. Ukigusa zile nguzo za matumbawe zinakwaruza kiganja kama ulimi wa paka. Ndani ya baadhi zilikuwa zimepachikwa bakuli za Kichina, leo mnaona mashimo ya duara tu. Piteni jioni jua limelala, nyasi zinanukia na bahari inasikika nyuma ya mikoko. Msipige kelele pale, ni makaburi.

Baba Mdogo: Na kwenye fungu la karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto meli yake mojawapo, São Rafael, mwaka 1499. Mabaharia walikuwa wamekufa wengi, hakuna wa kuiendesha.

JUMATANO

Mdogo wa Chuo: Jamani nimebadilika mimi. Pangani 💯 Nimesoma kuhusu Maziwe pia. Kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bahari!

Shangazi Tanga: Maziwe mimi nakumbuka ina mivinje. Miti mizima, kivuli. Ikafa, mchanga ukaliwa, sasa bamvua likijaa kisiwa kinazama chote. Kasa walikuwa wakitaga pale. Siku hizi mayai yanahamishwa yanapelekwa Ushongo, maana yakibaki maji yanayafunika.

Wifi: Masikini.

Shangazi Tanga: Ukienda wakati maji yamepwa utashuka utembee. Nahodha ndiye anajua saa, msimpangie. Akisema saa 12 asubuhi ni saa 12. Na Bibi hapandi ngalawa ya Maziwe, nasema mapema.

Dada Mkubwa: Hapandi. Vijana mtaenda Jumamosi asubuhi, sisi tutabaki naye mjini. Sasa hesabu. Kwenda ni kama kilomita 400, kurudi vile vile. Kaka, mafuta?

Kaka Dereva: Noah na watu saba na mizigo, weka lita 80 hadi 90 jumla. Matairi ya mbele nabadilisha kesho. Nina tairi ya akiba na jeki. Ninachoomba ni mtu mmoja wa kukaa na mimi mbele asilale.

Baba Mdogo: Mimi sitalala.

Dada Mkubwa: Mchango 70,000 kila mwenye kazi, 30,000 wanafunzi. Gesti vyumba vitatu nimeshapigia simu, ya kawaida, ina vyandarua na maji. Kila mtu shuka lake.

Wifi: Nakuja na maandazi na kachori za njiani. Muheza tusimame kwa machungwa, tafadhali, hilo siwezi kusamehe.

Kaka Dereva: Tutasimama. Kapu zima.

Shangazi Tanga: Msijaze matumbo njiani. Nawapikia bada, ule ugali wa muhogo, na papa wa nazi. Wanaokula wali nao upo.

Binamu Mombasa: Bada! Shangazi umenimaliza.

ALHAMISI USIKU

Dada Mkubwa: Nimekuwa kwa Bibi leo, nimemwambia. Kanyamaza kitambo. Halafu akasema nimrekodie sauti. Sikilizeni.

Dada Mkubwa: 🎤 Sauti, dakika 1 na sekunde 40

Dada Mkubwa: Kwa ambao simu haifungui sauti, naandika kama alivyosema: "Wajukuu zangu, Mungu awabariki. Nimesikia mnanipeleka nyumbani. Mimi sina haja na mambo mengi. Sisi tulikuwa tukivuka kwa mtumbwi, mama yangu na kapu la muhogo kichwani, ananiambia kaa chini kamata gauni lako lisilowe. Nikitia mkono majini ananipiga kidole. Sasa naambiwa daraja linajengwa. Ni jambo la heri, wagonjwa watawahi hospitali. Lakini daraja likisha watu watapita juu na magari, hawatayagusa maji. Nivusheni kwa kivuko mara moja. Nikae Bweni chini ya ule mkwaju wa kina mama, ninywe dafu. Hayo tu."

Kaka Dereva: Nimeisikiliza mara tatu.

Wifi: Mimi nalia hapa jikoni.

Mdogo wa Chuo: Na mimi nilitaka kumlaza Korogwe. Nisameheni.

Baba Mdogo: Hukujua mwanangu. Daraja lile ni la mita 525. Likikamilika kweli mtu atavuka kwa dakika moja. Tumpeleke sasa hivi kivuko bado kipo.

Shangazi Tanga: Mkwaju. Yarabi. Sikuwahi kumsikia akiutaja tangu mama afariki.

Dada Mkubwa: Kesho saa 11 alfajiri gari liko getini kwake. Nimemfungia khanga mbili na ile sweta ya kijivu. Dawa zake za presha ziko kwenye mkoba WANGU, si kwenye mzigo wa nyuma. Laleni.

IJUMAA

Kaka Dereva: Segera. Tunakunywa chai. Mzima kabisa, ameimba tangu Chalinze.

Binamu Mombasa: Mimi niko Horohoro, foleni ndogo. Nagonga muhuri naingia.

Wifi: Machungwa yamenunuliwa 🍊 Kapu mbili, maana muuzaji alikuwa wa kabila la Bibi, wameongea Kizigua mpaka kaka akapiga honi.

Mdogo wa Chuo: Tongoni. Bibi ameshuka. Ametembea mwenyewe mpaka kwenye nguzo ya kwanza, amesoma Fatiha. Hatujapiga picha.

JUMAMOSI

Mdogo wa Chuo: Tumerudi kutoka Maziwe saa 4. Maji yanaonekana mpaka vidole vya miguu. Mchanga umebaki kama sahani nyeupe tu na nahodha akatuambia twendeni, unaondoka. Nimekaa nafikiria hiyo mivinje ya Shangazi njia nzima.

Shangazi Tanga: Umenifurahisha mwanangu. Njooni mle, niko jikoni huku mjini. Dada yenu yuko wapi?

Dada Mkubwa: Tuko kivukoni Shangazi. Gari limepanda, baiskeli zimepanda, mama mmoja na kuku watatu. Bibi amekataa kukaa ndani ya gari.

Shangazi Tanga: Mwacheni. Asimame kushoto, ndiko bahari inakofunguka.

Dada Mkubwa: Yuko hapo hapo kushoto, ameshika chuma. Amevua ndala. Ananiambia ninuse, ni matope ya mikoko hayo. Mimi nilidhani ni harufu mbaya, yeye amefumba macho anaivuta.

Wifi: Ameniomba kikombe cha ile chai ya chupa. Nimempa. Amemwaga chai, amemshikisha kijana wa kivuko amchotee maji ya mto, ametia mkono ndani ya kikombe mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Binamu Mombasa: Naye kijana akachota kwa adabu, akamwita mama.

Kaka Dereva: Tumeshuka Bweni. Watoto wamekuja kumshika mkono bila kumjua. Shangazi, anauliza mkwaju. Sisi tunaona minazi tu.

Shangazi Tanga: Upo. Msifuate barabara ya gari. Shikeni njia ya miguu inayopanda, mkono wa kulia. Muulizeni mzee yeyote kwa kina nani, lakini muacheni yeye atangulie.

Kaka Dereva: Ameshatangulia.