Mjadala: Ukipanda milima ya Andes, ulale kwa wenyeji au ubaki kwenye hema lako?

Mgumu wa Machame

Wakuu, salaam. Nimebishana na mwenzangu wa kazi wiki nzima mpaka tumenuniana, nimeona bora niulete ubishi hapa.

Mimi nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni, na mpagazi wa namna hiyo ndiye watu wa Moshi wanamwita "mgumu". Mwaka juzi mteja mmoja mzee, niliyempandisha Uhuru mara mbili, alinilipia nauli nimsindikize Peru. Hatukupita Njia ya Inca ile maarufu ya kwenda Machu Picchu, mji wa kale wa Wainca. Tulipita bonde la Lares, siku tatu, na mara mbili tulilala nyumbani kwa watu badala ya hema. Mwenzangu anasema huko ni kugeuza binadamu bustani ya wanyama, mtu anakufungulia jiko lake umpige picha akipika. Mimi nasema hapana, ila kwa sharti moja.

Kwa asiyejua hali ilivyo: Njia ya Inca ina kikomo cha watu 500 kwa siku, na hesabu hiyo ni pamoja na wapagazi na waongozaji, kwa hiyo watalii wenyewe ni kama 200 tu. Februari nzima inafungwa kwa ukarabati. Farasi na nyumbu wa kubeba mizigo hawaruhusiwi, kila kitu kinapanda kwa mgongo wa mtu mpaka mita 4,215. Nafasi zinaisha miezi kabla. Kampuni zikaanza kuuza njia za pembeni: Salkantay, Ausangate, Choquequirao, Lares. Sasa Lares haina magofu makubwa kama Machu Picchu. Ina vijiji. Maana yake kinachouzwa pale ni kijiji chenyewe.

Nyumba tuliyolala iko karibu na usawa wa Horombo, ile kambi ya Kilimanjaro. Wakuu, hilo lilinikaa kichwani. Horombo kwetu ni mahali pa kupita, hajazaliwa mtu pale. Huku kuna shule, kuna watoto wanakimbia bila kuhema, kuna mashamba ya viazi yamepanda mlima kama ngazi. Ukuta wa tofali mbichi, mlango mfupi, nikagonga kichwa mara mbili. Ndani ya jiko simbilisi wanakimbizana sakafuni wakila maganda (wa Mbeya na Njombe hamtashangaa). Mama mwenye nyumba hakujua Kihispania, alijua Kikechua tu, kwa hiyo mimi na mteja wangu tulikuwa sawa kwa ububu. Alitupa chai ya majani yenye harufu kama mnanaa, wanayaita muña, kisha supu yenye viazi vyeusi vigumu. Vinaitwa chuño. Wanavianika nje usiku wa baridi kali vigande, asubuhi wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, jua linamalizia. Kiazi cha namna hiyo kinakaa miaka. Ladha? Tuseme nilikula kwa heshima.

Ugali wa mjadala uko hapa. Asubuhi nilimuuliza mwongozaji wetu kwa nini nyumba hii na si ile ya jirani juu kidogo, ambako mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipofika jana yake. Akasema kampuni ndiyo inachagua, na imechagua hii kwa sababu ina choo cha kukalia. Nikauliza huyu mama analipwa nini. Akataja kiasi. Mimi nilikuwa naijua bei aliyolipa mteja wangu kwa safari nzima. Nikanyamaza.

Kwa hiyo sharti langu: lala kwa wenyeji, lakini kijiji ndicho kishike zamu. Kijiji kiamue leo nani anapokea wageni, kesho nani, na bei ni ipi. Kampuni zenye magari zikichagua, tumeleta ugomvi kati ya nyumba mbili zilizokuwa zinapeana mbegu. Karibuni, nipingeni.

Pilipili Mbuzi

Mkuu umepanda ndege kwenda bara lingine kulala kwenye nyumba ya udongo. Bibi yangu Same anayo, na hatozi.

Binti Rufiji

Mgumu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mwanaume aliyepikiwa. Mama ameamka saa ngapi? Amechota maji, amewasha kuni, amepika chai ya wageni na uji wa watoto wake, amepeleka kondoo, halafu saa tatu anakaa mbele ya nguzo zake nne za kufumia kwa sababu mgeni anataka kuona anavyofuma. Zamu ikishikwa na kijiji au na kampuni, mgongo ni wake. Huko vikao vya kijiji wanasimama wanaume kama huku. Wataandika jina la baba kwenye orodha ya zamu, na kazi itafanywa na mama.

Jambo la pili ni mavazi. Watu wenye simu, wenye watoto chuo mjini Cusco, wanaambiwa wavae poncho nyekundu, lile vazi la sufu la kujitanda, gari likikaribia. Nenda visiwa vya Uros pale ziwa Titicaca, vile vya matete, uone boti ikitia nanga watu wanaanza kuimba. Nikilipwa kuimba nyumbani kwangu kila asubuhi nitaimba, njaa haina aibu. Msiite huo ni utamaduni.

Mimi nasema lala kwenye hema. Lipia uwanja wa kupigia hema, nunua viazi, nunua shuka la sufu kwa bei ya haki, nenda zako.

Mgumu wa Machame

Dada Binti Rufiji, la mavazi nakubali nusu. Poncho nyekundu kule Huilloc na Patacancha wanaume wanavaa hata wakienda shambani, nimeona kwa macho, hakuna gari. Wengi wa wapagazi wa Njia ya Inca wanatoka vijiji hivyo. Lakini hema nalo si safi kama unavyodhani. Hema linabebwa na nani? Peru ilitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001, ikaweka kikomo cha kilo 20, sawa na chetu. Mimi najua kilo 20 za kwenye karatasi zinavyokuwa baada ya kupita mzani. Unamwonea huruma mama aliyeko jikoni kwake, na mumewe amebeba meza, viti na mtungi wa gesi ili mgeni asiingie jikoni.

Nahodha wa Lamu

Ndugu zangu, mnazungumzia zamu kana kwamba haijajaribiwa. Imejaribiwa, na ikashindwa. Someni habari za Taquile.

Ni kisiwa ndani ya ziwa Titicaca, upande wa mji wa Puno, watu kama elfu mbili, wote Wakechua. Ardhi yao ilikuwa mikononi mwa mabwana, wakaanza kuinunua tena kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1930. Watalii walipoanza kufika miaka ya 1970, hawakumwachia mtu. Walifunga injini kwenye boti zao wenyewe, wakaweka nauli. Mgeni akishuka anapanda ngazi za mawe zaidi ya 500 mpaka juu, pale anapokewa na mtu wa zamu na kupangiwa nyumba. Hakuna hoteli. Vitambaa vinauzwa kwenye duka la ushirika kwa bei moja, ili mke asimpunguzie mteja bei kumkomoa jirani. Kule wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, mvulana anajifunza mapema, na wanawake wanafuma mishipi mipana yenye kalenda ya kilimo. UNESCO iliutambua ufumaji huo mwaka 2005.

Kwa hiyo Mgumu, sharti lako lote walikuwa nalo: zamu yao, bei yao, duka lao. Ikawaje? Miaka ya 1990 serikali ya Rais Fujimori ikafungua soko, haki yao ya kuwa peke yao kwenye usafiri ikaondoka. Mawakala wa Puno wakaleta boti za kasi. Leo mgeni anachukuliwa asubuhi, anapitishwa Uros, anafikishwa Taquile saa sita, anakula samaki, anapiga picha mwanaume anayefuma, jioni yuko hotelini Puno. Zamu ipo, mgeni wa kulala hayupo. Mimi ni mtu wa bahari: mwenye chombo ndiye mwenye abiria. Hata uwe na nyumba nzuri kiasi gani, kama hushiki usukani unangoja ukumbukwe.

Pilipili Mbuzi

Hapo Nahodha umeua.

Mwalimu Mstaafu

Naongeza moja, kwa kuwa wote mnaongea kama kijiji kikishika mambo basi ardhi imepona. Mlima wa rangi saba, Vinicunca, uko zaidi ya mita 5,000 karibu na mlima Ausangate. Miaka kumi na tano iliyopita ni wachungaji wa alpaka, wale wanyama wa sufu, tu waliokuwa wanapita. Picha zikasambaa, wageni wakaanza kuja kwa mamia kila siku, na kiingilio kinatozwa na jamii ya pale wenyewe. Vizuri sana. Vijana waliokuwa wanakwenda migodini wakarudi kukodisha farasi. Lakini njia imekatika kwa kukanyagwa, na eneo la majimaji walilokuwa wanatua bata liligeuzwa maegesho ya magari. Hilo halikufanywa na mzungu. Mwaka 2018 pia ikaonekana kampuni ya madini ilikuwa imepewa kibali eneo hilohilo, kelele zikapigwa, ikaachia. Jiulizeni bila zile kelele za watalii nani angeachia.

Kwa hiyo mimi sijui niko upande gani. Nimeona niseme tu.

Mgumu wa Machame

Nahodha, asante, umenipa kazi. Nilikuwa naifahamu Taquile kwa jina na zile kofia, la boti sikulijua.

Lakini angalia ulichoandika mwenyewe. Zamu haikushindwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyesema watu wa Taquile walipigana kwa ajili ya mgeni, au walilaliana bei. Ilikatwa gatini Puno, na waliokata ni watu wenye sheria mkononi. Kwa hiyo narekebisha sharti langu: kijiji kishike zamu na kishike usafiri. Lares usafiri ni gari dogo kutoka Calca au Ollantaytambo, na farasi wa kubeba mizigo. Farasi tayari ni wa kijiji. Gari ndilo la kampuni.

Na msisahau kwamba wale watu wana mazoea ya kugawana kazi kuliko tunavyofikiri. Wanaita ayni: leo nakulimia viazi, kesho unanilimia. Kazi ya wote, kama kusafisha mfereji, ni msaragambo wetu hasa, asiyekuja anatozwa. Zamu ya wageni wakipewa wenyewe si jambo geni kwao.

Mwaka 2020 corona ilipofunga kila kitu, Machu Picchu ilifungwa tangu Machi mpaka Novemba. Maelfu waliokuwa Lima bila kazi walirudi makwao milimani, wengine kwa miguu. Walirudi wapi? Kwenye viazi. Aliyekuwa amegeuza shamba lake kuwa vyumba vya wageni alipata tabu. Hapo Mwalimu na mimi tunakutana: vyumba viwili, visizidi, shamba libaki shamba.

Mama Nne

Naomba kuuliza kizembe. Mimi niko Uholanzi, mwezi wa tano tunakwenda Peru na mume wangu, safari ya kwanza, na mlima wenyewe naogopa. Mtu wa kawaida atajuaje nani anashika zamu? Tovuti zote zimeandika "jamii halisi", zote zina picha ya bibi mwenye kofia.

Nahodha wa Lamu

Dada, kwa Taquile ni rahisi. Usinunue safari hotelini. Shuka gatini Puno asubuhi na mapema, ulizia boti ya watu wa kisiwa. Ni ya polepole, chukua koti. Waambie unalala.

Mgumu wa Machame

Kwa Lares, Dada Mama Nne, uliza kampuni maswali mawili kabla ya kulipa: nyumba inachaguliwa na nani, na mwenye nyumba analipwa siku gani. Wakijibu haraka bila kuzunguka, ni dalili njema. Mimi niliuliza baada ya kulala, nikawa nimechelewa. Kaa Cusco siku mbili kwanza, ni mita 3,400, utahema ukipanda ngazi za hoteli. Chai ya majani ya koka utapewa kila mahali, inasaidia, ila usiweke hata jani moja kwenye begi la kurudia, uwanja wa ndege wa Schiphol hawana utani.

Binti Rufiji

Mmemaliza boti, mmemaliza magari, mmefika mpaka Schiphol. Bado hamjanijibu. Yule mama aliamka saa ngapi?

Mgumu wa Machame

Saa kumi alfajiri. Nilimsikia akivunja vijiti kwa goti, taratibu, asituamshe. Nilikuwa macho kwa sababu ya baridi. Nilifikiria kutoka nikamsaidie kuwasha moto, kazi hiyo nimeifanya miaka sita mlimani. Nikavuta blanketi.